Simu nzito baada ya apdeti, tumlaumu nani?

Swali la msomaji: "Mkuu, wewe ni mtu wa programu, naomba unisaidie kimawazo. Nina simu ya Android, ina miaka minne sasa, nilipoinunua ilikuwa inakimbia balaa. Kila nikiapdeti inazidi kuwa nzito, kibodi inachelewa kutokea, kamera inafunguka wakati unachotaka kukipiga kimeshapita, na chaji haikai, jioni mpaka niwashe ile ya kuokoa betri. Rafiki zangu wanasema kampuni zinafanya makusudi kupitia apdeti ili tununue simu mpya. Kwa hiyo nimezima apdeti zote na nimeweka apu ya kusafisha RAM. Je, ni kweli wanafanya makusudi? Na je, nibadilishe simu au nivumilie?"

Mkuu, hapo ndani kuna maswali kama matatu yamebebana. Jibu la haraka kwanza: hiyo apu ya kusafisha RAM, ile memori ya muda ya apu zilizo wazi, ifute leo, apdeti za usalama zirudishe, na simu mpya usinunue kabla hujajua betri yako iko hali gani. Hilo la makusudi ndilo refu, na nina maneno nalo maana kazi yangu ni kutengeneza hizo hizo apu mnazozilalamikia.

Rafiki zako hawajaota. Desemba 2017 jamaa mmoja anaitwa John Poole, wa kampuni inayotengeneza Geekbench, ile programu ya kupima kasi ya simu, alichukua matokeo ya vipimo vya iPhone 6s na iPhone 7 akayapanga kwa toleo la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, na ikaonekana wazi kwamba kuanzia matoleo fulani kuna simu nyingi zimeshuka kasi kwa ngazi, yaani zimejikusanya kwenye namba za chini, kitu ambacho uchakavu wa kawaida haufanyi. Hazikupita siku nyingi Apple wakakiri kwamba ndiyo, tangu iOS 10.2.1 ya Januari 2017 walikuwa wanaibana prosesa, yaani ubongo wa simu, kwenye simu zenye betri iliyochoka. Watu wakawaka. Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 Februari 2020 kwa kutowaambia wateja, na mwaka huohuo Marekani wakakubali kumaliza kesi kwa kulipa mpaka dola milioni 500. Na Italia, Oktoba 2018, iliwapiga faini wote wawili, Apple na Samsung, Samsung ikiwa ni kwa kuwasukuma wenye Galaxy Note 4 waweke mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya Note 7. Kwa hiyo anayekwambia ni uzushi mtupu naye hajafuatilia.

Lakini angalia sababu yenyewe ya kuibana prosesa, maana ndiyo inayokuhusu wewe. Betri ya lithiamu ikizeeka vitu viwili vinatokea. Cha kwanza kila mtu anakijua, inabeba chaji kidogo. Cha pili hakisemwi sana: ukinzani wa ndani unapanda, kwa hiyo prosesa ikitaka umeme mwingi kwa ghafla, mfano unapofungua kamera, volteji inaanguka na simu inazima yenyewe hata kama imeandika asilimia 30. Zile iPhone za kipindi kile zilikuwa zinazima hovyo kweli, na mtu aliyeandika ile programu ya kuzibana alikuwa anatatua tatizo la kweli, kiufundi ningefanya vilevile. Kosa ni kunyamaza. Mteja angeambiwa "betri yako imechoka, ibadilishe kasi irudi" angebadilisha betri, asipoambiwa anakwenda kununua simu nyingine nzima, na usinieleze kwamba hakuna mtu pale ofisini aliyeliona hilo. Baadaye wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka 29 kwa mwaka mzima wa 2018, na iOS 11.3 ikaja na ukurasa wa kuonyesha afya ya betri. Kitu kidogo tu hicho, kingeokoa kelele zote.

Sasa piga hesabu ya kwako. Ukitumia mzunguko mmoja kamili wa chaji kwa siku, miaka minne inakupa mizunguko zaidi ya 1,400. Apple kwa iPhone 14 na za nyuma yake wanasema betri imeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na hiyo ni simu ya bei ya juu. Ya kwako imeshafanya kazi ya betri mbili na bado unaidai. Na ukisema jioni unawasha hali ya kuokoa betri, mkuu, hiyo hali yenyewe kwenye simu nyingi inapunguza kasi ya prosesa na inazuia apu kufanya kazi kwa nyuma, ndiyo inavyookoa chaji! Yaani nusu ya uzito unaoulalamikia jioni unauwasha wewe mwenyewe kwa kidole.

Kuna kitu kingine kinachowafanya watu waichukie apdeti bure. Siku mbili tatu za mwanzo baada ya apdeti kubwa simu inakuwa nzito na ya moto kwa sababu inafanya kazi za nyuma ambazo huzioni, inatafsiri upya apu zako ziendane na mfumo mpya, inapanga upya faharasa ya picha na mafaili. Zamani kwenye Android 5 na 6 ulikuwa unaoneshwa kabisa inahesabu apu moja moja kabla ya kuwaka, kuanzia Android 7 ya 2016 kazi kubwa inafanyika kimyakimya simu ikiwa kwenye chaji na haitumiki. Mtu anaapdeti asubuhi, mchana anaona inachechemea, jioni ameshahukumu. Iache ilale kwenye chaji usiku mmoja au miwili ndiyo uhukumu.

Halafu memori ya kuhifadhia. Wengi wakisikia memori imejaa wanawaza tu kwamba hawawezi kupiga picha nyingine, kumbe memori iliyojaa ni sababu kubwa sana ya simu kuganda, pengine kuliko zote kwa simu za umri wa yako. Hizi memori za flashi zina tabia moja: zinaandika kwa vipande vidogo lakini zinafuta kwa vipande vikubwa. Kwa hiyo ili kupata nafasi ya kuandika kitu kidogo, inabidi vitu vilivyo hai vihamishwe kwanza sehemu nyingine, ndiyo kipande kizima kifutwe. Ni kama maegesho yaliyojaa, kutoa gari moja la ndani lazima usogeze manne ya nje, na kama hakuna pa kuyasogezea ndiyo shughuli. Simu ikiwa na nafasi ya kutosha hayo yanafanyika pembeni huyasikii, ikijaa yanafanyika wakati huohuo unaandika meseji na ndipo kibodi inapochelewa. Simu nyingi za bei nafuu za miaka ile zina memori ya aina ya eMMC ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, tofauti na aina nyingine iitwayo UFS, kwa hiyo zinaumia zaidi. Usishangae kwamba RAM iko tele na bado inaganda, foleni iko kwenye memori ya kuhifadhia.

Nije sasa kwetu sisi wasanidi wa apu, maana hapa ndipo lawama yangu ilipo. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, yule profesa wa Uswisi aliyeunda lugha ya Pascal, aliandika kwamba programu zinanenepa kwa kasi kuliko mashine zinavyoongezeka nguvu. 1995! iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa na RAM ya megabaiti 128. Leo simu ya gigabaiti 8 ni ya kawaida tu, hiyo ni mara 64, na bado tunajadili kibodi inayochelewa kutokea. Nguvu yote hiyo imekwenda wapi? Imeliwa na maamuzi madogo madogo ambayo kila moja ukiliangalia peke yake lina akili.

Msanidi anafanya kazi kwenye kompyuta kali na simu mpya ya ofisi. Akijaribu alichoandika kinafunguka mara moja, anaweka alama ya kumaliza, anakwenda kwenye kazi nyingine. Simu ya miaka minne iliyojaa picha haipo mezani kwake, na ikiwepo iko kwenye droo haina chaji. Kwenye kikao cha kupanga kazi, mtu akisema tuongeze video fupi kwenye ukurasa wa mwanzo atakuwa na namba ya kuonyesha, watu wamekaa muda mrefu zaidi, bosi anafurahi. Mtu akisema tutumie wiki kadhaa kupunguza uzito wa apu, namba yake ni kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa wanaolalamika wamepungua, na hao wanaolalamika walishaondoka hawapo kwenye takwimu. Sijawahi kuona mtu amepandishwa cheo kwa kutoa kitu. Labda wapo, ila mimi sijakutana nao.

Halafu kuna vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu wengine ambavyo tunaviweka ndani ya apu zetu, cha matangazo, cha kuhesabu watumiaji, cha kuripoti hitilafu, cha kuingia kwa akaunti ya mtandao wa kijamii, na kila kimoja kinaamka apu inapofunguliwa kabla hujaona hata ukurasa. Unadhani umefungua apu ya muziki, kumbe umefungua na kampuni nyingine tano. Mei 2020, halafu tena Julai mwaka huohuo, kifurushi cha Facebook cha iOS kilipata hitilafu iliyotokana na upande wa seva zao, yaani kompyuta zao zinazohudumia apu kwa mtandao, na apu kama Spotify, Pinterest na Tinder zikawa zinaanguka zikifunguliwa, hata kwa mtu asiyetumia Facebook kabisa. Apu zenyewe hazikuguswa na wenye nazo, zilikufa na mgeni waliyemkaribisha ndani. Watumiaji wengi hawakujua kwamba huyo mgeni yumo mpaka siku ile.

Na kuna jambo moja ambalo mtu wa nje halioni: tunapotoa apdeti, mara nyingi mambo mapya yanakuja yakiwa yamezimwa, tunayawasha baadaye kutoka kwenye seva, kwa watu wachache kwanza, kuangalia kama wanayapenda. Maana yake ndani ya apu moja kuna ukurasa uleule wa aina mbili au tatu, wa zamani, wa majaribio, na ule ulioshindwa mwaka jana ambao hakuna aliyekumbuka kuutoa. Wote unaubeba wewe. Na ndiyo maana apu inaweza kubadilika leo wakati hujaapdeti chochote.

Sitaki nijitetee sana ila haki isemwe, siyo uvivu wote. Timu ndogo yenye watu watatu haiwezi kuandika apu mara mbili, ya Android na ya iPhone, halafu na tovuti, kwa hiyo wanaandika mara moja kwa teknolojia ya tovuti na kuifunga ndani ya apu. Inakuwa nzito zaidi, ndiyo, lakini bila njia hiyo apu hiyo isingekuwepo. Ninachokikasirikia ni kampuni kubwa zenye mamia ya wasanidi kufanya vilevile na kusingizia kwamba simu za watu ni za zamani.

Kwa hiyo makusudi? Kwa maana ya mtu kukaa na kuandika "ifikapo mwaka wa nne iue simu", hapana, na mimi nisingeamini kampuni yenye wasanidi wote hao ingeweza kutunza siri hiyo. Kwa maana ya kuona simu za watu zinazidi kuelemewa na kutofanya chochote kwa sababu matokeo yake ni mauzo, hapo sibishani na rafiki zako.

Sasa hili la kuzima apdeti zote. Naelewa hasira, lakini simu uliyodhani umeigandisha haijaganda. Tangu Android 5.0 kipande cha mfumo kinachofungua kurasa za tovuti ndani ya apu, WebView, kinaapdetiwa chenyewe kupitia Play Store, na tangu Android 10 ya 2019 kuna sehemu nyingine za mfumo zinaapdetiwa kwa njia hiyohiyo. Machi 2021 apdeti mbovu ya WebView ilifanya apu chungu nzima zianguke, Gmail ikiwemo, na watu walikuwa wanaapa hawajagusa kitu. Walikuwa wakweli! Kwa hiyo ukizima unachokipata ni mchanganyiko, apu na seva zinasonga mbele, wewe unabaki na mfumo wenye matundu ya usalama yasiyozibwa.

Na matundu ni kitu cha kweli. Julai 2015 yalitangazwa matundu ya Stagefright, sehemu ya Android inayosoma video: mtu anakutumia meseji ya video na simu inaweza kuvamiwa kabla hata hujaifungua. Zimperium, kampuni ya mtafiti aliyeyagundua, walikadiria simu milioni 950 zilikuwa wazi. Baada ya hapo ndiyo Google na Samsung wakaanza utaratibu wa viraka vya usalama vya kila mwezi. Kwenye kompyuta, WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishalitolea kiraka Machi, miezi miwili nyuma, waliokuwa wameahirisha apdeti ndio walioumia zaidi.

Tofautisha tu vitu viwili. Kiraka cha usalama ni kidogo, hakiongezi urembo, kiweke mara kikija. Toleo jipya kabisa la Android, lile linalobadili sura nzima ya simu, hilo ukisubiri wiki kadhaa usikie wenzako wenye simu kama yako wanasemaje, sikulaumu, mimi mwenyewe husubiri kwenye simu ninayoitegemea. Tarehe ya kiraka chako iko kwenye setingi, kuhusu simu, ukikuta ni ya zaidi ya mwaka na hakuna kingine kinachokuja, hapo simu imeachwa na kampuni, na kwangu hiyo ni sababu nzito ya kubadilisha kuliko kibodi kuchelewa. Simu yenye akaunti yako ya pesa ndani haifai kuwa simu iliyoachwa.

Apu ya kusafisha RAM sina mengi. Android inaacha apu kwenye RAM makusudi ili ukizirudia zifunguke haraka, na nafasi ikihitajika inazifunga yenyewe. Wewe unazifukuza, dakika mbili mbele zinaanza upya kutoka sifuri, prosesa inafanya kazi mara mbili na betri inalia. RAM tupu haina faida yoyote, umeilipia itumike. Na hiyo apu yenyewe inakaa macho muda wote kukuonyesha matangazo, na mara nyingi inaomba ruhusa ambazo hata benki haiombi. Apu ndogo za bure za namna hii zina historia: Desemba 2013 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni yenye apu ya tochi, tochi tu!, iliyokuwa inapeleka mahali ulipo na namba ya utambulisho wa simu kwa watu wa matangazo.

Basi fanya hivi. Anza na memori, hamisha video na picha, futa zile za makundi ya WhatsApp ambazo hata hujui zilifika lini, mpaka robo hivi ya memori ibaki tupu. Futa apu ambazo hujafungua kwa miezi, na zile ambazo tovuti yake inafanya kazi ileile tumia kwenye kivinjari, mitandao ya kijamii hasa. Baada ya hapo, fundi anayeaminika abadilishe betri, iwe yenye ubora, siyo ya kubahatisha, maana betri feki inaweza kuvimba. Ikibaki nzito, hifadhi vitu vyako pembeni na uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, uanze upya. Kuna na ujanja wa kupunguza muda wa mijongeo ya skrini kwenye chaguo za wasanidi (Developer options), zile zinazofunguka ukigonga namba ya muundo (Build number) mara saba. Hauongezi nguvu yoyote ila macho yanaona simu imechangamka, na kwa simu ya miaka minne hiyo si haba.

Ukifanya yote hayo na kamera bado inachelewa, nunua, umeshaitendea haki. Ila usitishwe na idadi ya kamera wala jina la prosesa. Angalia memori iwe UFS na iwe kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, halafu uliza itapata apdeti mpaka lini. Google kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023 na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya Januari 2024 wanaahidi miaka saba kwa simu hizo, na Umoja wa Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 unadai apdeti kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa sokoni kwao, na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Mtego uko hapa: ile miaka saba inahesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa kwa mara ya kwanza, haihesabiwi tangu siku uliyonunua wewe, kwa hiyo simu "mpya" ya miaka mitatu iliyopita inayouzwa kwa punguzo imeshakula karibu nusu ya ahadi. Na ukiipata usikubali ile ya kuhamisha kila kitu kutoka simu ya zamani kwa mkupuo, utahamisha na mizigo yote. Weka apu tano sita unazotumia kila siku, nyingine ziongeze siku utakapozihitaji.